Mturuki Ameacha Mpira

Meru Mjini,
Jumapili, 9 Juni 1957

Kwa dada yangu mpendwa Wambeti,

Pokea salamu zangu, wewe na Mwaniki na watoto wote, na kila mtu wa huko Kanja anayeniulizia bado. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu. Mama je, kikohozi chake kimepungua? Na ile nyumba mliyolazimishwa kujenga kijijini, paa lingali linavuja? Nimesikia kwamba siku hizi askari gadi wanawaruhusu kwenda mashambani bila kusindikizwa kama ng'ombe. Kama ni kweli, Mungu asifiwe. Mimi na watoto wangu wawili tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili, maana moyo ni habari nyingine, na ndiyo iliyonifanya niketi kuandika badala ya kwenda kanisani.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu bwana anayefungua barua hapa hajui Kiembu, na barua asiyoielewa huiweka kando mpaka ioze. Akitaka kusoma mambo ya nyumba yangu, basi asome, hanijui. Lakini wewe isome peke yako. Usimpe Mwaniki. Mumeo hana ulimi mbaya, ila mdomo wake hauna komeo.

Dada, nyumba yangu iko mashakani. Leo asubuhi mume wangu amepanda lori la tajiri wake kwenda Chuka kumwuliza mwanamke mmoja swali moja. Jibu atakalopewa ndilo litakaloamua kama nitaendelea kuwa mke wa mtu, au nitarudi Kanja na watoto na sufuria zangu. Naomba ukae chini nikueleze tangu mwanzo, usije ukafikiri nimerukwa na akili.

Najua habari za kwamba mume wangu, Mturuki wao, ameacha mpira zimefika huko Embu zamani. Nimeambiwa wengine huko wanasema amerogwa. Hapa Meru wanasema ni Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliyemkataza, na kule Maua kwao wanasema amehongwa na watu wa Nyeri. Senta-fowadi wa miaka thelathini na moja, anayefunga kila Jumamosi, haamki tu siku moja akatundika njumu ukutani. Kila mtu ana maneno yake, na hakuna anayejua.

Wewe unamjua Thuranira kama shemeji tu, na hukuwa na subira ya kusikiliza hadithi zake. Mimi nimezisikiliza mpaka ningeweza kumwambia alipokosea. Alipokuwa askari Misri wakati wa vita, palikuwa na mzee mmoja Mturuki aliyeuza chai mlangoni mwa kambi yao. Mzee huyo katika ujana wake alikuwa mshambuliaji mkubwa huko kwao, akibebwa mabegani na watu barabarani, mpaka goti likamstaafisha na waliombeba wakasahau anakokaa. Siku moja alimwona kijana wa Kiigembe akipiga mpira mavumbini, akaacha birika lake jikoni, akaja kumshika mguu na kumwonyesha jinsi ya kupiga kwa ubavu wa nje wa kiatu, na jinsi ya kumngoja golikipa ajitupe kwanza. Thuranira alirudi Meru na mkwaju huo, pamoja na tarabushi jekundu alilopewa na mzee. Hivyo ndivyo Mmeru alivyogeuka Mturuki.

Wanawake wengine huanza kuona wivu kwa mwanamke mwenzao. Mimi nilianza na mzee wa Misri. Usicheke. Mume wangu akimtaja mzee yule, sauti yake hulainika kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Atakueleza mabao ya mzee, goti la mzee, uzee wa mzee ulivyokuwa wa upweke, na macho yatamlengalenga. Nami nimekaa mbele yake nimechoka na kuni na maji, na sijawahi kusikia akinisimulia mimi kwa mtu yeyote kwa sauti ile.

Halafu wakaja wasichana. Wale wa Githongo walimtungia wimbo wakauimba kila alipofunga, beti baada ya beti, na hakuna ubeti hata mmoja uliosema ana mke. Ulinionya, nakumbuka. Ulisema mume wa uwanjani ni mume wa watu wengi. Nilikujibu vibaya siku ile, na nilikujibu vibaya kwa sababu nilijua umesema kweli.

Na ilipokuja hii hali ya hatari, wivu wangu ukaota mizizi mingine. Sisi wote tulifungiwa. Kwenda kwa mama yangu mzazi mpaka nipange foleni ya pasi ya kusafiria, nihojiwe kama mwizi, nirudishwe, nije tena kesho. Lakini yeye, kwa ajili ya mguu mmoja wa kulia, alipita kila kizuizi na gadi wakamsalimu kwa jina. Leo Chuka, kesho Embu, wiki ijayo Nyeri, akiwa juu ya lori anaimba. Nilimwonea wivu hata huo mguu, dada. Nilikuwa nikiuosha kwa maji ya moto nikitamani kuuuma.

Sasa nije kwa Kathambi. Mwaka jana mwezi wa kumi timu ya Chuka ilikuja kucheza hapa. Nilikwenda kutazama, mtoto mgongoni, nimekaa na Ijabo, mke wa tajiri Burale. Mambo yalikuwa sare, muda unakwisha, refa akatupatia penalti. Uwanja wote ulinyamaza kwa raha, maana penalti mguuni mwa Mturuki ni bao lililokwisha andikwa. Mara upande wa watu wa Chuka akasimama mwanamke mmoja, akapaza sauti kwa Kimeru cha kwao Tharaka. Nilielewa maneno machache. Alimwita mume wangu kwa jina lake la nyumbani, akamwambia kwamba golikipa ni kaka yake, na kwamba anamwomba asimfunge leo.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, mjinga mimi. Thuranira aligeuka akamtazama mwanamke yule, akavuta pumzi, akaja mbio, akaupeleka mpira nje kabisa, kule kwenye shamba la kahawa. Hakukosea. Mimi namjua anapokosea. Aliupeleka.

Timu nzima ilimkasirikia na yeye hakujitetea kwa neno. Jioni nilimwuliza yule mwanamke ni nani. Unajua mimi na yeye lugha yetu ya nyumbani ni Kiswahili, kwa kuwa Kiigembe chake kinanishinda na Kiembu changu anakicheka. Basi akanijibu kwa Kiswahili, huku anakula, bila hata kuona haya. Alisema huyo ni Kathambi, anauza uji pale lori linaposimama Chuka, na ni mtu ambaye yeye hawezi kumnyima.

Hebu niambie wewe, dada. Mwanamume akisema kuna mwanamke hawezi kumnyima, wewe uliyesoma Kiswahili shule moja na mimi utaelewaje? Nilimpelekea Ijabo neno hilo asubuhi yake. Alisonya, akanimiminia chai ya iliki, akasema kwao mwanamke ambaye hanyimwi kitu ana jina, na jina lake ni mke. Bulle, yule dereva wa Burale, alipobanwa naye akatoa mengine. Blanketi ambalo Mturuki alipewa Embu kwa kuwa mfungaji bora, lile aliloniambia limeibwa, alipewa Kathambi pale pale barabarani kwa kuliomba tu. Koti lake la mvua pia. Hata pakiti za sukari.

Nilikonda. Nilipika chakula nikasahau chumvi, nikapika kingine nikatia mara mbili. Nikilala naona blanketi. Si kwamba nilikuwa na baridi, blanketi tunalo, lakini lile lilikuwa langu na lilikuwa linamfunika mwingine.

Mwisho wa mwaka kukazuka lingine. Mzungu mmoja wa mambo ya michezo alimwona akicheza, akaahidi kumwombea kibali cha kuishi Nairobi na kuchezea timu ya huko. Unajua jinsi watu wetu walivyofagiliwa kutoka Nairobi. Kibali kama hicho ni dhahabu. Lakini kilikuwa cha mtu mmoja, bila mke wala watoto. Nilimwomba asiende. Nilimwomba aache mpira kabisa, akae na kazi yake ya stoo kwa Burale, tuone watoto wakikua. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa machozi, nikamwomba kwa kutopika. Akaninyima. Alisema hawezi kufa bila kujua angefika wapi. Mimi niliyemzalia nilinyimwa, na muuza uji aliomba penalti akapewa.

Unakumbuka mwezi wa kwanza ulipoandaa ndizi na mbuzi, ukaningoja nisije? Nilikuandikia kwamba mtoto alishikwa na homa njiani. Nisamehe, hakushikwa na homa yoyote. Niliomba pasi ya kuja kwako, na lori liliposimama Chuka nikashuka.

Nilimkuta akikoroga. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mrembo ili nimchukie vizuri, na dada, nilitafuta uzuri wake nikaukosa. Ni mtu mzima kunishinda, meno ya mbele mawili hana, vidole vimepasuka kwa majivu. Hilo liliniuma zaidi. Nikamwambia mimi ni mke wa Thuranira na nimekuja kumwuliza anamtakia nini mume wangu. Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akaniketisha, akanipa uji wa wimbi, akaanza kunieleza kama mtu anayemweleza mtoto jina la baba yake.

Alisema kwamba zamani mababu wa ukoo wake huko Tharaka na mababu wa ukoo wa Thuranira huko Igembe walipigana mpaka wakachoka, wakakaa pamoja, wakachinja, wakala kiapo cha kuwa ndugu, wao na vizazi vyao vyote. Undugu huo wanauita gichiaro. Watu wa gichiaro hawaoani kamwe, ni kama kaka na dada wa tumbo moja. Hawapigani. Hawadanganyani. Na mmoja akiomba, mwingine hanyimi, hata akiombwa shati alilovaa, maana anayenyima hupatwa na majipu na mifugo yake hufa. Ndiyo maana, alisema, watu wenye akili hawaombi ovyo. Blanketi aliliomba kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga wakati wa baridi. Penalti aliiomba kwa sababu kaka yake alikuwa karibu kufukuzwa timu, na hata hivyo aliona aibu wiki nzima.

Sisi kwetu Kanja hatukulelewa na mambo hayo ya Waigembe na Watharaka, ningejuaje? Kumbe mume wangu aliposema hawezi kumnyima, alidhani amenieleza kila kitu. Kwake neno hilo lilikuwa safi kama maji. Kwangu lilikuwa kitanda.

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi muda wa bakuli moja la uji. Kisha wivu ukarudi, umebadilisha nguo tu. Hawara unaweza kumfukuza. Hawara huzeeka, mwanamume akamchoka. Huyu alikuwa na kitu ambacho mimi sitakipata hata nikimzalia Thuranira timu nzima. Akisema nipe, anapewa. Akiuliza, anaambiwa kweli. Mimi nina cheti cha kanisa.

Wiki mbili baadaye Kathambi alikuja hapa nyumbani kwa miguu yake. Alikataa kuketi. Alisimama mlangoni akamwambia Thuranira kwamba anamwomba aache mpira, leo, na asiucheze tena. Mume wangu aliinuka. Akamwuliza kama kweli anaomba. Akasema anaomba. Basi Thuranira akaenda akamwambia kapteni wake, akarudi, akatundika njumu. Kibali cha Nairobi kilipofika alikirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwuliza sababu, kwa kuwa kwa desturi yao ukiuliza sababu kabla ya kutoa, hiyo nayo ni njia ya kunyima.

Nawe mwerevu umekwisha kufahamu. Ndiyo, ni mimi niliyemtuma. Lakini hujajua nilivyomtuma, na hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito. Kathambi hangeomba kitu cha kumwumiza ndugu yake, angeona ni dhambi kubwa. Kwa hiyo siku ile, bakuli lake likiwa mkononi mwangu, nilimwambia kwamba daktari wa hospitali amempima Thuranira akaona moyo wake ni mbovu, na kwamba akiendelea kukimbia ataanguka uwanjani afe, na kwamba mwenyewe hataki kusikia wala hataki jambo hilo litajwe. Nililia. Machozi yalikuwa ya kweli, dada, maneno tu ndiyo yalikuwa ya uongo. Yule mama alinishika kichwa akaniambia nisilie, yeye atamwomba.

Moyo wa mume wangu hauna kasoro yoyote. Nilimwondolea mpira wake kwa mdomo wa mwanamke ambaye hajapata kumdanganya.

Tangu siku hiyo yuko nyumbani. Nilichotaka nimekipata. Anarudi kutoka stoo mapema, anakata kuni, anawabeba watoto, na Jumamosi mchana kelele za uwanjani zikisikika anakwenda nyuma ya nyumba kulima pale alipokwisha lima. Hadithi za mzee wa Misri ameziacha pia. Nilizichukia miaka yote hiyo, na sasa nyumba imekuwa kimya mpaka nazitamani.

Basi jana Bulle alitoka Chuka akaniletea fungu la mizizi. Bahati mbaya mume wangu ndiye aliyepokea. Bulle akamwambia kwamba Kathambi amesema ichemshwe, anywe asubuhi na jioni, kwa ajili ya ule moyo wake. Thuranira akauliza moyo gani. Bulle hakujua. Thuranira akanigeukia mimi, nami nikainama kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Hakuuliza tena. Leo asubuhi alivaa tarabushi lake, akachukua pasi, akasema kitu kikishatolewa mtu ana ruhusa ya kuuliza. Ameondoka. Na Kathambi hawezi kumdanganya.

Kwa hiyo nakuomba, dada, kama kuna pembe katika nyumba hiyo, hata ile inayovuja, nitandikie.

*

Nilikuwa nimekomea hapo nikasikia lori. Sasa ni jioni, kafyu haijaingia, nami namalizia nikiwa nje kwenye ngazi.

Amerudi. Alitundika tarabushi, akaomba maji, akanywa, akaketi mbele yangu. Akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, laiti angepiga kelele. Kathambi amemwambia yote, uji, machozi, daktari. Alipojua kwamba nilimdanganya hakunitukana. Alilia kwa kuwa alimwomba ndugu yake kitu kikubwa bure, akamwomba radhi kwa kosa ambalo ni langu, akamwambia amemrudishia mpira wake. Thuranira akamjibu kwamba kibali wamekwisha kumpa kijana wa Nyeri, na umri hauna kurudishiwa.

Kisha akasema kwamba asubuhi, wakati lori linateremka, alikwisha kuamua atanifanya nini kama atakuta ni kweli. Lakini alipotaka kupanda kurudi, Kathambi alimshika mkono wa shati. Akamwomba jambo moja la mwisho, kwamba asinifukuze, wala asininyanyase, siku zote nitakazoishi.

Akasema ameombwa aniweke, na yeye hawezi kumnyima. Akainuka akaenda kuwaogesha watoto.

Basi usitandike, dada. Nyumba yangu ninayo. Niko ndani yake kwa sababu muuza uji wa Chuka ameniombea nafasi, na kila asubuhi nitakayoamka kando ya mume wangu nitajua ni nani aliyenilaza pale. Huyo mama hataki chochote kwangu, hata kunichukia hajui, na mimi namwonea wivu usiku na mchana, namwonea wivu hata sasa.

Nilimfuata Thuranira karaini kwa watoto. Nikapiga magoti kwenye povu, nikamwomba aniambie neno moja tu, alikuwa ameamua nini kule njiani kabla Kathambi hajasema. Kuniacha au kunisamehe, lolote, ilimradi liwe lake.

Hilo ameninyima.

Msalimie mama, mwambie hatujambo na nyumba yangu ni nzima. Wabusu watoto. Mwaniki akiuliza nimeandika nini, mwambie nimeulizia bei ya kahawa. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Wanja, mke wa Thuranira